Arifa Inasema Katoka, Mwenyewe Amelala

Swali: "Mimi na binti yangu wa miaka 14 tulikubaliana niweke programu ya kufuatilia simu yake, ya Android. Nyumba yetu nimeizungushia uzio wa mita 50 kwenye ramani. Karibu kila usiku, kati ya saa nane na saa tisa, naamshwa na arifa kwamba ametoka nyumbani na yuko kilomita mbili hivi kutoka hapa. Nikienda chumbani namkuta amelala, simu iko mezani. Dakika chache baadaye inaingia arifa nyingine: amerejea. Mchana tatizo linageuka: arifa ya kufika shuleni huchelewa, siku nyingine robo saa nzima. Simu ni mbovu, programu ni mbovu, au kuna mtu anaichezea?"

Jibu: Uwezekano mkubwa simu ni nzima na hakuna anayeichezea. Umechora uzio wa mita 50, halafu kazi ya kuulinda ukaipa simu ambayo usiku, ikiwa imelala ndani ya nyumba, inaweza kukosea mahali ilipo kwa kilomita mbili bila kuona aibu. Programu nayo imetii tu: imeambiwa nukta ikivuka mstari ipige kelele, nukta imevuka, imepiga. Kwa hiyo usianze kwa kufuta programu wala kununua simu nyingine. Anza kwa kujua nukta ile ya usiku ilitoka wapi.

Watu huita GPS kila nukta inayotokea kwenye ramani, na hapo ndipo msako wa kosa unapopotea njia. GPS halisi ni setilaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 20,200. Simu hupima muda ambao mawimbi yao yametumia kusafiri. Mawimbi hayo hukimbia mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo yakigonga kwanza ukuta wa jengo la jirani kabla ya kuifikia simu, ule mzunguko mdogo unatosha kuisogeza nukta makumi ya mita. Nje, penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kama mita 5. Ndani, chini ya bati au zege, mara nyingi setilaiti hazisikiki kabisa.

Simu ikizikosa setilaiti haisemi haijui. Inashika njia ya pili: inasikiliza ruta za Wi-Fi zilizo jirani, hata zile ambazo haijaunganishwa nazo, na kulinganisha namba zao za utambulisho na hazina kubwa ya kumbukumbu inayojua kila ruta iko wapi. Njia hii kwa kawaida hukosea mita 20 hadi 50, na ndiyo inayomweka binti yako nyumbani karibu muda wote anapokuwa nyumbani. Wi-Fi nayo ikikosekana, simu inashika mnara wa simu, na hapo kosa linaanzia mita mia kadhaa hadi kilomita kadhaa. Kwenye ramani zote tatu zinaonekana nukta ile ile, rangi ile ile. Tofauti iko kwenye namba moja ambayo programu nyingi huificha: kiwango cha usahihi, yaani ukubwa wa lile duara hafifu linaloizunguka nukta.

Duara hilo lina maana mahususi. Kwa Android ni nusukipenyo cha eneo ambalo simu ina uwezekano wa asilimia 68 kuwa ndani yake. Simu ikisema mita 30, basi katika kila vipimo vitatu kimoja hivi kinaweza kuwa nje ya hizo mita 30, na simu haijadanganya. Sasa rudi kwenye uzio wako wa mita 50. Tuseme ulipouchora, kitovu chake kiliangukia barabarani mbele ya nyumba badala ya juu ya paa, mita 25 pembeni. Upande wa chumba cha binti yako zimebaki mita 25. Wi-Fi peke yake ina kosa la mita 30. Uzio huo ungetoa arifa za uongo hata bila msaada wa mnara wa simu.

Fungua historia ya programu, si arifa yenyewe, na uandike vipimo vya usiku mmoja. Unahitaji vitu vitatu kwa kila kipimo: saa kilipochukuliwa, umbali kutoka nyumbani, na usahihi. Kwa dalili ulizoeleza, kuna uwezekano mkubwa utakuta kitu cha namna hii:

02:13, nyumbani, usahihi mita 24
02:14, kilomita 2.1, usahihi mita 2,400
02:18, nyumbani, usahihi mita 31

Soma mstari wa katikati taratibu. Kusafiri kilomita 2.1 kwa dakika moja ni mwendo wa kilomita 126 kwa saa, tena kwa mtoto aliyekuwa kitandani. Duara la mita 2,400 lililochorwa kwenye nukta iliyo kilomita 2.1 kutoka kwako linaimeza nyumba yako yote. Maana yake simu haikusema ametoka. Ilisema yuko mahali fulani ndani ya duara hili kubwa, na nyumbani ni mojawapo ya mahali hapo. Programu ikalitupa duara, ikabaki na nukta, ikakuamsha.

Ikiwa programu yako haionyeshi usahihi popote, fungua ramani ya kawaida kwenye simu ya binti yako usiku akiwa hapo na uangalie duara la buluu linavyopanuka na kunywea. Na kama programu haihifadhi hata saa ya kipimo, fikiria kuiacha. Programu ya kufuatilia isiyokuonyesha ilivyofikia jibu lake itakusumbua daima, hata ukitengeneza kila kitu kingine.

Baada ya usiku tatu au nne ziweke zile nukta za uongo kwenye ramani moja, utazame umbo lake. Umbo hilo husema mengi kuliko mafundi wengi. Nukta zikirukia mahali pale pale kila usiku, huo ni mnara: simu ikiwa na mnara mmoja tu wa kushika, inapewa katikati ya eneo linalohudumiwa na mnara huo, na katikati hiyo haibadiliki. Zikitawanyika kuzunguka nyumba kama miale, mita 40 huku, mita 90 kule, hizo ni setilaiti zinazosikika kwa shida kupitia dirishani, mawimbi yakigonga kuta. Zikirukia mji mwingine ambako mliwahi kuishi, au alikoishi jirani aliyehamia karibuni, hiyo ni ruta iliyohama na kumbukumbu ya mahali pake haijasasishwa. Na ukimwona mtoto katikati ya bahari, kwenye Ghuba ya Guinea kusini mwa Ghana, usipige simu kwa walinzi wa pwani: huko ndiko latitudo 0 na longitudo 0 zinapokutana, na programu iliyokosa kipimo imejaza sifuri mahali pa jibu.

Kwa maelezo yako, mimi naweka pesa kwenye mnara. Swali linalobaki ni kwa nini saa nane usiku na si saa mbili. Kuna sababu mbili ninazoshuku.

Ya kwanza ni ruta. Ruta nyingi zina ratiba ya kuzima Wi-Fi usiku au kujiwasha upya, na wakati mwingine ni mtu wa nyumbani anayeizima kwenye swichi akienda kulala. Ikizimika, na majirani wako mbali, simu haina cha kusikia zaidi ya mnara.

Ya pili ni usingizi wa simu yenyewe. Tangu Android 6, simu isiyo kwenye chaji, iliyotulia na skrini ikiwa imezimwa, huingia katika usingizi mzito ili kulinda betri. Humo ndani mfumo hautafuti Wi-Fi kabisa na programu zinanyimwa intaneti. Kila baada ya muda simu huamka kidogo, programu zote zikimbilie kufanya kazi zao, kisha hulala tena. Programu yako katika dirisha hilo fupi inaomba mahali haraka, Wi-Fi bado haijasikilizwa, setilaiti hazijapatikana, mnara upo. Inachukua mnara. Kipimo kinachofuata Wi-Fi imeshaamka, na binti yako "amerejea".

Kuzitenganisha ni kazi ya usiku tatu. Usiku wa kwanza iache simu kwenye chaji hadi asubuhi, usibadilishe kingine chochote. Kwenye chaji usingizi mzito hauingii. Arifa zikikoma, umempata mkosaji. Usiku wa pili iondoe kwenye chaji, na uhakikishe ruta inawaka hadi asubuhi bila ratiba yoyote. Usiku wa tatu fanya yote mawili. Kishawishi cha kubadilisha mambo matano kwa mpigo ni kikubwa. Kishinde, maana tatizo likirudi mwezi ujao hutajua ni lipi kati ya matano lililokuwa limelishika.

Sasa marekebisho. La kwanza ni ukubwa wa uzio, na hapa mwongozo wa Google kwa watengenezaji wa programu uko wazi: usishuke chini ya mita 100 hadi 150. Weka 150. Ukiishi mahali penye nyumba chache na Wi-Fi adimu, weka 300. Wazazi hupenda uzio mdogo wakidhani unalinda zaidi, lakini uzio wa mita 50 hausomi mienendo ya mtoto, unasoma tabia ya ruta. Gharama ya kuupanua ni kwamba akienda duka la jirani hutaarifiwa, na kama shule iko mita 250 kutoka nyumbani, nyuzio mbili zitapandana na utaanza kupata arifa za "ametoka" na "amefika" kwa wakati mmoja. Hapo punguza wa shule, si wa nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko simu inakolala.

Kitovu cha uzio usikiweke kwa kuandika anwani. Anwani mara nyingi huangukia barabarani au kwenye jengo la pili. Badili ramani iwe ya picha za setilaiti, vuta karibu mpaka uone paa lako, kisha buruta pini uiweke juu ya paa lenyewe.

La pili ni muda wa kusubiri. Programu nzuri hukuruhusu kusema: usinipe arifa mpaka awe nje ya uzio kwa dakika kadhaa mfululizo. Mruko wa mfano wetu ulidumu dakika 4, kwa hiyo ngoja ya dakika 5 ingeumeza wote, nawe ungelala. Bei yake ni kwamba siku akitoka kweli utajua dakika 5 baadaye. Kwa mtoto wa miaka 14 naona ni biashara nzuri. Kwa mzee mwenye tatizo la kumbukumbu anayeweza kupotea mtaani, singeichukua. Ningepanua uzio na kuacha muda wa kusubiri kwenye dakika 1 au 2.

Kama programu ina chaguo la kupuuza vipimo visivyo sahihi, hilo ndilo dawa hasa. Iambie itupe kila kipimo ambacho usahihi wake umezidi mita 200. Ule mstari wa 02:14 usingepita mlangoni.

Halafu pitia ruhusa kwenye simu ya binti yako. Ndani ya mipangilio ya mahali, programu inatakiwa iwe na ruhusa ya wakati wote, si wakati inapotumika tu. Pia swichi ya mahali kamili iwe imewashwa. Tangu iOS 14 kwa iPhone na Android 12, mwenye simu anaweza kuipa programu mahali pa kukadiria tu, na kwa Android makadirio hayo ni eneo la kama kilomita 3 za mraba. Swichi hii ikizimwa, hata kwa bahati mbaya baada ya kusasisha, hakuna uzio utakaofanya kazi, na dalili zake zinafanana sana na za mnara. Huduma ya kuboresha usahihi wa mahali iwe imewashwa, na utafutaji wa Wi-Fi pia. Huo wa mwisho unaruhusu simu kusikiliza ruta hata mtoto akizima Wi-Fi yenyewe ili kutunza betri.

Kuhusu shule: kuchelewa na kukosea ni magonjwa mawili. Sehemu ya kuchelewa ni ya kawaida kabisa. Kuanzia Android 8, programu iliyo nyuma ya pazia hupata taarifa ya kuvuka uzio kwa wastani baada ya dakika 2 hadi 3, na simu iliyokaa imetulia muda mrefu inaweza kufika dakika 6. iPhone nayo husubiri kama sekunde 20 baada ya mstari kuvukwa ili kuepuka kupiga kelele kwa mtu anayesimama mpakani. Robo saa, hata hivyo, imezidi. Linganisha saa mbili: saa kipimo kilipochukuliwa kwenye simu yake, na saa arifa ilipoingia kwenye yako. Zikiwa zimepishana sana, kipimo kilikuwa sahihi na kilikosa njia ya kusafiri: data imezimwa, kifurushi kimeisha, au mtandao shuleni ni hafifu na ujumbe ulingoja foleni. Zikikaribiana, basi simu haikupima kwa wakati, na mtuhumiwa ni kiokoa betri. Watengenezaji wengi wa simu za Android wameongeza vizuizi vyao juu ya vile vya mfumo, vinavyoua programu zilizokaa nyuma. Itoe programu yako kwenye udhibiti huo: ingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya betri, uchague isiwekewe vizuizi. Na mwambie binti yako asiifute kwenye orodha ya programu zilizo wazi; kwenye baadhi ya simu kitendo hicho ni sawa na kuizima.

Yapo mengine machache yasiyo ya nyumba yako lakini yanayofanana nayo. Akaunti moja ikiwa wazi kwenye simu na kwenye tableti, mahali panapoonyeshwa panaweza kuwa pa tableti iliyoachwa kwa shangazi. Hakikisha kifaa kilichochaguliwa kutoa mahali ni simu. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali, haibadilishi GPS, ila baadhi ya huduma hukisia mahali kwa anwani ya intaneti, na hapo ndipo mtu huonekana yuko Ulaya akiwa jikoni. Ruta ya nyumbani ikiwa ndiyo iliyohama na kumbukumbu yake, ongeza _nomap mwishoni mwa jina la Wi-Fi, na Google itaacha kuitumia kupimia mahali. Baada ya hapo kaa nje na simu dakika chache ishike setilaiti. Na kwenye maeneo yenye vita kuna uchafuzi wa makusudi wa mawimbi: kuanzia mwishoni mwa 2023 simu nyingi zilizokuwa kaskazini mwa Israeli zilijikuta kwenye ramani zikiwa uwanja wa ndege wa Beirut, Lebanoni. Hakuna mpangilio wa simu unaotibu hilo.

Uliuliza pia kama kuna anayeichezea. Programu za kubuni mahali zipo, na kwenye Android hupitia menyu ya wasanidi programu, kwenye kipengele cha mahali bandia. Menyu hiyo haionekani mpaka mtu aifungue kwa makusudi. Ila angalia mantiki: anayedanganya hujiweka nyumbani akiwa nje. Hajitupi kilomita mbili nje akiwa amelala. Vipimo vya kubuni pia huwa visafi kupita kiasi, nukta haitikisiki hata mita moja kwa saa nzima, wakati simu halisi haitulii kamwe.

Usipoteze muda kuzungusha simu hewani umbo la nane. Hiyo husahihisha dira, yaani upande inaoelekea, haisogezi nukta. Programu zinazojinadi kuongeza nguvu ya GPS haziwezi kuongeza nguvu ya setilaiti, na nyingi zinakula betri ambayo kiokoa betri kitaililia kwa kuiua programu yako ya kufuatilia.

Ukimaliza yote na bado kuna mashaka na simu yenyewe, kipimo cha mwisho ni cha nje. Weka programu ya bure inayoonyesha setilaiti, peleka simu penye anga wazi, itulie dakika 10. Nguvu ya mawimbi huonyeshwa kwa dB-Hz. Simu nzima itaona setilaiti nyingi, kadhaa zikiwa kati ya 35 na 45, na usahihi utashuka chini ya mita 10. Zote zikibaki chini ya 25 hapo nje, vua kava kwanza, hasa lenye chuma au sumaku, upime tena. Zisipopanda, na simu iliwahi kufunguliwa kubadilishwa kioo au betri, mrudishie fundi akague mguso wa antena ya GPS: ni kipande kidogo cha chuma chenye springi ambacho hupinda kirahisi wakati wa kufunga mgongo wa simu, na simu hiyo hiyo itaendelea kupiga na kupokea kama kawaida bila dalili nyingine yoyote.